Mdomo wa Mjomba

Arua, 11 Februari 2024

Dada Poni,

Pokea salamu zangu, za mke wangu Patience na za watoto wote wawili. Baada ya hapo nauliza hali yako, ya shemeji Yasiri, ya Sadiya na ya Yakani. Sisi tupo. Kazi ya kuchomelea mageti inakwenda, ingawa umeme unaondoka ukitaka na kurudi ukitaka. Mama mkwe kule Aroi amevuna ufuta mzuri, na Patience amekuwekea kidogo, utaukuta kwenye mzigo wa biashara anaokuja nao Madina, pamoja na barua hii. Akikuambia umemwagika njiani usimwamini. Mimi namjua yule, hawezi kupita na mfuko bila kuufungua.

Utashangaa kupata barua siku hizi ambapo kila mtu anapiga simu. Lakini simu ya hapo nyumbani ni ya Yasiri, na kila nikipiga anaweka sauti ya juu uani, jirani ananijibu salamu kabla yako. Kiswahili cha kusoma hapo unacho wewe peke yako, kile Baba alichotufundisha kwa chaki kwenye mlango wa nyumba yetu ya kambini. Ndiyo maana nimeandika.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita nilikojoa damu. Kwanza nilinyamaza, nikadhani ni kubeba vyuma vizito. Maumivu ya ubavu yalipoanza, Patience alinikokota mpaka kliniki ya skani. Anayepiga picha pale ni dada mmoja anaitwa Driciru. Alinipaka ute wa baridi mgongoni na ubavuni, akapitisha kile kidude cha mashine upande huu na upande ule. Halafu akaacha kutazama kioo, akatazama uso wangu. Zile chunusi zangu za mashavuni, ambazo wewe hunitania kwamba ni balehe isiyoisha, alizikagua moja moja. Akaniambia nivue viatu, akaona vile vinyama vilivyoota pembeni ya kucha. Akaniuliza, "Ndugu, wakati uko mtoto, ulikuwa naanguka kifafa?" Nikasema ndiyo, mpaka darasa la tatu.

Dada, figo zangu zote mbili zimejaa uvimbe. Kwenye picha unaonekana mweupe kwa sababu ni wa mafuta na mishipa ya damu. Mmoja wa kushoto ni mkubwa. Daktari Adrabo alinieleza kwamba mtu huzaliwa nao ugonjwa huu, unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, si wa kuambukizwa wala si wa kutupiwa na mtu. Wengine unaonekana kwa mabaka meupe ya ngozi, wengine unaota usoni tu, wengine kichwani wakaanguka kifafa, wengine kwenye figo bila wao kujua. Uvimbe wa figo ukishakuwa mkubwa unaweza kupasuka, mtu akavuja damu ndani ya tumbo bila jeraha lolote. Aliposema hivyo nilimkumbuka Mama. Najua na wewe umemkumbuka sasa hivi.

Poni, Sadiya ana uso kama wangu. Yakani anaanguka. Wewe una yale mabaka meupe mgongoni. Daktari anataka kila mtu wa damu yetu apigwe picha ya figo, hata asiyeumwa, na atakayekutwa nao awe anarudi kupimwa kama umekua. Nimewapeleka wangu tayari. Mkubwa hana kitu, mdogo anao kidogo. Nakuomba uje na Sadiya kwanza, maana yeye ndiye anayelalamika kiuno.

Mdogo wako,
Sule


Ludara, 3 Machi 2024

Sule mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na ufuta umefika ukiwa nusu. Sisi ni wazima. Yasiri amemaliza kufyeka shamba la chini, tunangoja mvua. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Habari ya damu yako imeniliza. Kunywa maji, punguza vyuma, na umshukuru sana Patience, maana wewe mwenyewe ungekaa tu mpaka uanguke.

Sasa niache nikukemee, kwani mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Umeandika jina la mtoto wangu na ugonjwa mahali pamoja. Wewe ni nani kwake? Angeandika jirani ningesema ni maneno tu. Lakini wewe ni mjomba wake. Umekaa mjini mpaka umesahau kwamba neno baya la mjomba juu ya mtoto wa dada yake linashika? Hata kwa utani hatulisemi. Ile barua nimeichoma jikoni, majivu nimeyamwaga mtoni.

Na wakati gani umechagua. Watu wa Ladu wanakuja kujitambulisha baada ya Ramadhani. Ladu ni yule kijana wa vipuri vya pikipiki pale Koboko, anaswali, hana makelele, na Sadiya akimsikia nje anasahau chungu motoni. Mama yake ameshawahi kuuliza kwa nini uso wa binti uko hivyo. Nilisema ni mafuta ya kujipaka yalimuunguza. Wakisikia kuna ugonjwa wa ukoo unaopita kwa watoto, nani atamchukua? Mimi si mjinga, Sule. Nimeelewa kila ulichoandika, na ndiyo maana nimekasirika.

Kiuno kinamuuma kwa sababu anabeba maji. Wasichana wote hapa kinawauma.

Mama alikufa kwa sumu. Usianze.

Dada yako,
Mariam Poni


Arua, 17 Machi 2024

Dada,

Ramadhani njema kwako na kwa nyumba yote. Mimi daktari amenikataza kufunga kwa sababu ya maji, kwa hiyo nakula mchana nikiwa nimejificha nyuma ya karakana, na Patience ananicheka kwamba hata yeye Mkristo anaona aibu. Tende nimempa Madina. Hesabu mwenyewe ujue amekula ngapi.

Nimekosa. Sikukaa nikafikiri kwamba naandika kama mjomba, niliandika kama mtu aliyetoka kuona picha ya mwili wake na kuogopa. Nisamehe. Kuanzia sasa sitasema neno juu ya mtoto. Nitasema juu ya figo zangu mwenyewe, na wewe usikilize.

Nilipigwa picha nyingine kwenye ile mashine kubwa, unalazwa kwenye kitanda kinachoingia ndani ya duara. Ile inapima vizuri zaidi ukubwa wa uvimbe na mishipa iliyo ndani yake. Daktari Adrabo alinionyesha. Mahali ambapo figo inatakiwa iwe peke yake, yangu imebanwa pembeni. Nilimuuliza kwa nini basi nakojoa vizuri na sijisikii mgonjwa. Akasema figo huvumilia hivyo kwa miaka, na wagonjwa wengi huja kwake siku ile uvimbe umeshapasuka. Kwa hiyo hangoji mtu aumwe, anapiga picha mapema. Ukijulikana ukiwa mdogo unafuatwa, na ukianza kukua kuna vya kufanya kabla haujapasuka.

Nikamuuliza juu ya wanawake. Akasema, mwanamke mwenye uvimbe huu akibeba mimba, unaweza kukua haraka. Anataka ajue kabla.

Msichana wa kuolewa hununuliwa vitambaa Arua, hilo hakuna atakayelishangaa. Njoo naye tuchague vitambaa. Kliniki iko nyuma ya soko, mlango hauna hata kibao kikubwa. Atalala ubavu kidogo, atapakwa ute, basi. Hakuna atakayejua isipokuwa wewe, mimi na Driciru.

Mdogo wako,
Sule


Ludara, 21 Aprili 2024

Sule,

Idi ilipita salama, tulichinja kuku, na watu wa Ladu walileta sukari na khanga. Mvua imeanza. Yakani alianguka mara moja siku ya Idi mbele ya wageni, nikasema ni joto.

Nakuandikia kwa shida nyingine. Baada ya Idi Sadiya alishikwa na maumivu ya ubavu wa kushoto hadi mgongoni, akashindwa kusimama. Homa hakuna, kutapika kupo. Tulimpa dawa za dukani. Shangazi mkubwa wa Yasiri akaja akakaa naye, akamtazama, akasema, "Hii mtoto iko na mdomo ya mtu juu yake. Mjomba yake iko wapi?" Mimi niliikumbuka, Sule, ile barua yako niliyoichoma. Wao wanasema una kinyongo kwamba alipozaliwa Yakani hukupewa haki yako ya mjomba, ukakaa nacho moyoni mpaka sasa.

Wanataka uje umfungue mtoto kwa maji, uliondoe neno lako. Unajua inavyofanywa. Sheikh hakufurahi, lakini amesema hatawakatalia wazee. Yasiri mwenyewe ananiangalia kwa jicho la kuuliza.

Njoo. Najua utasema hukumfunga. Njoo tu, ufanye. Ukifanya hivyo wao wataridhika, na mimi nitakupa Sadiya uende naye kwenye hiyo picha yako, hata kesho yake, nitasema tumeenda kununua vitambaa. Nimekuahidi.

Dada yako,
Mariam


Arua, 19 Mei 2024

Dada Poni,

Salamu. Nilifika salama, gari liliharibika njiani tukasukuma, na mimi niliyeambiwa nisibebe vizito nikasukuma pia. Patience amenigombeza mpaka leo. Watoto wanauliza kwa nini nimerudi bila nanasi.

Sijui nianzie wapi na wewe. Nilikuja kwa sababu uliahidi. Nilishika bakuli mbele ya ukoo mzima wa Yasiri, nikanywa maji, nikampulizia Sadiya kifuani na mgongoni, nikasema kama nilivyofundishwa, "Kama ni mdomo yangu ilifunga hii mtoto, leo mimi nafungua." Wazee wakaitikia. Yule shangazi akanishika mkono akasema nimefanya kama mtu mzima. Sadiya alinitazama na yale macho yake, akacheka kidogo kwa sababu maji yalimwingia puani. Nilitaka kulia.

Na kesho yake akaamka hana maumivu. Akasonga ugali. Watu wote wakaniangalia wakiniheshimu na kuniogopa pamoja. Nilipokuambia tuondoke, ulinishika kando ya jiko ukasema, "Si umemfungua mwenyewe? Amepona. Picha ni ya nini tena?"

Poni, hukutimiza ahadi. Umenikata maini. Nimemwuliza Driciru, akasema maumivu haya huja na kuondoka yenyewe, damu ikivuja kidogo ndani ya uvimbe halafu ikaganda. Yakiondoka, uvimbe uko palepale. Mimi nimefanya jambo baya pale. Nilidhani nakuridhisheni ili nimpate mtoto. Kumbe nimesimama mbele ya mashahidi nikawaambia kwamba ugonjwa wake ni mdomo wangu, na sasa nani atataka kumtafuta ndani ya figo?

Mlete kabla ya harusi. Nakuomba kama uliyenibeba.

Sule


Ludara, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Sule,

Amani iwe kwako na kwa Patience na wanao. Najua tangu harusi hatujaongea vizuri. Ulikuja, ukakaa na wanaume, ukala kidogo, ukaondoka, na mimi nilikukwepa makusudi kama mtoto aliyevunja kikombe. Barua zako mbili za Julai na Agosti nilizipokea. Sikuzijibu kwa sababu zilisema lile lile.

Mavuno ni mazuri, muhogo umejaa. Yakani ameacha shule kwa muda, mwalimu anaogopa akianguka darasani. Yasiri amenunua pikipiki iliyochoka kuliko yeye.

Sasa furahi na mimi. Sadiya ana mimba, inaonekana kabisa. Anakaa kwa mumewe Koboko, na Ladu hamwachii hata kubeba ndoo. Amenenepa usoni, zile chunusi zimeongezeka lakini wanasema ni mimba. Na habari itakayokufurahisha wewe zaidi: amepigwa skani. Ladu alimpeleka mwenyewe, pale Koboko. Wamempaka ute, wamepitisha mashine, wamesema mtoto yuko sawa, moyo unapiga, kila kitu kizuri. Basi picha yako hiyo imepigwa, na hakuna uvimbe uliotajwa. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile barua yako ya kwanza, nakwambia kweli. Nilikuwa naogopa kila siku, Sule, ila sikutaka ujue.

Ubavu bado unamsumbua wakati mwingine. Ni mtoto anasukuma.

Dada yako mwenye furaha,
Mariam


Arua, 13 Oktoba 2024

Dada,

Hongera kwa mjukuu. Patience anasalimia, watoto pia. Nafupisha.

Hawakupiga picha ya figo. Walitazama tumbo la uzazi, mbele, kwa sababu ndilo waliloombwa. Si kosa lao, hakuna aliyewaambia kuna jambo lingine la kutazama. Figo ziko nyuma, ni lazima mtu atake kuziona, amgeuze mgonjwa ubavu, apitishe mashine mgongoni. Nimemwambia Driciru ulivyoniandikia, akaacha kazi yake akaja akanishika bega. Ametuma neno hili kwako: "Mwambie mama yake hii skani haina madhara kwa mimba. Kama iko na uvimbe kubwa, hiyo msichana isikae mbali na hospitali iko na damu ya kuongeza."

Nilimpigia Yasiri. Akaweka sauti ya juu, nikasikia watu na kuku, na yule shangazi akiuliza, "Ni mjomba?" Nikabaki nasalimia tu. Nikampigia Ladu. Ni kijana mwenye adabu. Aliniambia, "Mjomba, wazee wamesema wewe usitaje mwili yake. Nisamehe." Kwa hiyo nimebaki na karatasi tu.

Mimi mwenyewe siwezi kupanda gari kwa sasa. Usiniulize kwa nini. Mchukue Sadiya leo, sema lolote utakalo, sema nimekufa uje unizike, ila mlete. Barua hii Madina ameniahidi itafika kwako kabla ya Ijumaa.

Sule


Ludara, 17 Novemba 2024

Sule,

Sadiya amefariki, na mtoto tumboni. Najua umesikia, lakini hujasikia kutoka kwangu.

Alikuwa anamenya muhogo kwa mama mkwe wake. Alishika ubavu, akasema, "Mama, kitu imekatika," akalala chini. Walidhani ni mimba imeharibika. Kule kituoni walitafuta damu ya uzazi, hakuna hata tone. Tumbo lilikuwa gumu upande mmoja na macho yake meupe kabisa. Wakasema damu iko ndani, apelekwe Arua haraka. Ladu alimpakata nyuma ya gari. Hawakufika.

Barua yako ya Oktoba niliipata matanga yamekwisha. Madina alishikwa na malaria njiani, pale Inde, akalala kwa ndugu yake, mzigo wote ukalala naye. Aliponipa alikuwa analia, naye hajui imeandikwa nini. Nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Hii sikuichoma.

Siku ya mazishi walikungoja. Mtoto wa dada hafukiwi kabla mjomba hajafungua mdomo aseme hana neno juu yake, na wewe hukuja. Walipiga simu, Patience akajibu kwamba umesafiri kikazi, na umeacha simu. Kikazi, Sule. Tukamzika bila wewe. Shangazi akasimama akasema, "Ilikubali yenyewe mbele yetu na maji kwamba ni mdomo yake. Sasa imerudisha, na aibu imeizuia kuja." Hakuna aliyembishia.

Mama yake Ladu naye anasema lake. Anasema ni uso ule, na kwamba Yakani anaanguka, na kwamba mimi nina mabaka, amewahi kuyaona nikioga. Anasema ni damu yangu mbovu na niliwauzia msichana mgonjwa. Wazee wa Yasiri wamenipa mpaka arobaini. Siku hiyo watu wakimaliza kula nitaulizwa mbele ya wote: ni mdomo wa ndugu yangu au ni damu yangu. Ikiwa ni damu, narudishwa kwetu, ambapo hakuna nyumba tena, na Yakani anabaki hapa kwa mke watakayemwozesha Yasiri.

Nilikuwa nayo barua yako kifuani wakati wazee wananipa siku hiyo. Ningeweza kusimama nikawasomea. Sikusimama.

Sijui nikuombe nini.

Mariam


Arua, 24 Novemba 2024

Dada Poni,

Leo sina salamu ndefu. Inna lillahi. Tunalia hapa, hata wanangu ambao walimwona Sadiya kwenye harusi tu.

Nimekuchukia wiki hii yote. Nakuambia wazi ili isibaki tumboni. Nilikuwa nakaa naandika barua za kukutukana kichwani mwangu. Mtoto angepakwa ute mgongoni mara moja tu, mara moja, angejulikana. Ulielewa tangu siku ya kwanza, uliniandikia mwenyewe kwamba umeelewa.

Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyepuliza maji.

Siku mnamzika sikuwa kazini. Ule uvimbe wangu wa kushoto ulipasuka mwanzoni mwa Oktoba. Mimi nilikuwa karibu, damu ilikuwepo, na picha zangu zilikuwepo, wakajua papo hapo wanatafuta nini na wapi. Wameitoa figo ya kushoto. Ile ya Oktoba niliiandika wodini. Nilimkataza Patience asiseme, kwa sababu nilijua watasema ndugu yake Mariam anaoza, na Sadiya ataachwa na mimba yake. Kwa hiyo mimi pia nilificha, nikadhani namkinga. Nilisikia kwamba amekufa nikiwa na mrija tumboni.

Sasa sikiliza. Usiwasomee barua. Usiseme ni damu. Wakikurudisha, Yakani atabaki pale na mama wa kambo asiyejua kitu, ataitwa mwenye pepo, na siku moja atashika ubavu na yeye. Ukibaki, atakuwa na mtu anayejua. Siku ya arobaini wakikuuliza, waambie ni mimi. Sema nilikuwa na kinyongo, sema nilikufuata mpaka jikoni nikakutishia, sema lolote watakaloliamini. Walishanisikia kwa masikio yao nikikiri. Mimi sitakana. Akija mtu kuniuliza hapa karakana, nitamwambia ndiyo.

Najua maana yake. Sitaliona kaburi lake. Wanangu hawatakuwa na shangazi. Nimeongea na Patience, naye amesema sawa.

Ila sikupi bure, safari hii. Umlete Yakani kwenye mashine, na wewe mwenyewe ulale pale kitandani. Si siku nyingine, si baada ya mavuno. Niliwahi kukuamini mara moja, ukanigeuka kando ya jiko. Nakuamini tena kwa sababu sina mwingine.

Sule


Ludara, 8 Desemba 2024

Sule,

Arobaini ilikuwa na watu wengi. Walipomaliza kula shangazi aliniuliza, nikawaambia ni wewe. Yasiri alilia kwa sauti. Ladu aliondoka bila kuaga. Wazee wamekata kwamba hutakanyaga Ludara, wewe wala uzao wako, na jina lako halitatajwa uani kwetu. Mama yake Ladu amenyamaza. Mimi nabaki hapa na Yakani.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho. Madina nimemwambia asinipokelee yoyote kutoka kwako.

Jumatano tunakuja Arua. Nimesema tunafuata dawa ya kifafa. Usije kliniki, wala Patience asije, kuna watu wa Koboko wengi pale sokoni. Mwambie Driciru majina yetu ili nisilazimike kueleza. Yakani anaogopa sana mashine, tangu alipoona dada yake anapakiwa kwenye gari. Mwambie aanze na mimi, mtoto aone kwamba haiumi.

Mariam